Boti zilizopita nchi kavu: namna zilivyofika Tanganyika, na kinachozifanya zibaki hai

Mtu akisimama kwenye bandari ya Kalemie ao ya Uvira na kuona meli ya chuma inapita kule mbali, anaweza kujiuliza swali ambalo watoto wanapenda kuuliza: ile meli iliingia humu namna gani? Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, nao ni mto Lukuga, palepale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba inaendelea mpaka bahari ya Atlantiki. Kwenye karata, njia ipo. Kwenye maji yenyewe haipo. Kuna Portes d'Enfer karibu na Kongolo, kuna maporomoko ya Boyoma kabla ya kufika Kisangani, kiisha kuna mawe na maji makali kati ya Kinshasa na Matadi. Ndiyo sababu wakati wa ukoloni reli ya upande huu ilijengwa vipande vipande: treni pale mto unapokataa, bato pale mto unapokubali.

Kwa hiyo meli za kwanza za chuma zilizoelea kwenye Tanganyika zilisafiri kwanza juu ya udongo. Zilifika kwa reli, kwa mabega ya watu, ao kwa kuvutwa na kamba. Na zile zilizobaki hai, zilibaki kwa sababu kuna mtu aliyezihurumia kwa grese, kwa rangi na kwa feza. Jambo hilo la pili linazungumzwa kidogo sana, lakini ndilo linalogusa wakaaji wa pembeni ya ziwa mpaka leo.

Kupasua ao kuvuta

Kuna namna mbili za kupitisha chombo nchi kavu. Ya kwanza ni kukitengeneza katika vipande, kuvibeba, kiisha kuviunga pale maji yanapoanza. Ya pili ni kukiacha kizima, kukiweka juu ya magurudumu na kukivuta.

Namna ya kwanza ilionekana mapema huku kwetu. Mwaka 1876 Stanley alizunguka ziwa Tanganyika katika mashua iliyoitwa Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza kwa mbao, urefu wake karibu mita 12, na ilikuwa inafunguka vipande vipande ili wapagazi waibebe. Kutoka ziwani ilibebwa mpaka Nyangwe, katika Maniema ya leo, kiisha ikateremka na Lualaba, mwanzoni watu wa Tippu Tip wakiwa katika msafara. Kila walipofika kwenye maporomoko, walitoa mashua majini na kuipitisha pembeni, wakaanza tena chini. Mashua ile haikurudi kwao. Katika mwaka 1877 iliachwa Isangila, katika Kongo ya Chini, juu ya mawe, maana watu waliokuwa wanaibeba walikuwa wamechoka kabisa na njaa. Hakuna aliyeitengeneza tena.

Meli iliyobebwa kwa namna hiyohiyo lakini kwa ukubwa mwingine ni ile ambayo leo inaitwa Liemba. Ilitengenezwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye ateliye ya Meyer. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf Goetzen, juu ya gavana mmoja wa koloni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki. Wakaaji wa Goma wanaweza kujua jina hilo kwa sababu nyingine: ni yule Muzungu aliyepita Nyiragongo na ziwa Kivu mwaka 1894.

Mafundi waliiunga kule Papenburg, kiisha wakaifungua tena, wakaiweka katika masanduku karibu 5,000. Masanduku yakapanda meli mpaka Dar es Salaam, yakapanda treni mpaka Kigoma. Mafundi 3 walitumwa kuiunga upya: Anton Rüter na wenzake wawili. Mwezi wa 2 mwaka 1915 meli iliingia majini, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 70. Wakati huo hapakuwa na chombo kingine chenye ukubwa ule kwenye ziwa lote.

Mimi na Toutou katika milima ya Mitumba

Namna ya pili, ile ya kuvuta chombo kizima, ilipita katika Katanga, na ingefaa watoto wa shule za Fungurume na Bukama waijue.

Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia. Wajerumani walikuwa wanatawala ziwa kutoka Kigoma. Katika mwezi wa 8 mwaka 1914 walikuwa wameshambulia na kuharibu Alexandre Delcommune, bato ya Wabeleji, kwenye mdomo wa Lukuga. Muwindaji mmoja anayeitwa John Lee, aliyekuwa anajua sana sehemu hizo, akapeleka wazo London: tupeleke boti ndogo zenye mbio, zipite Afrika ya Kusini, zipite Kongo, ziingie ziwani upande wa Wabeleji. Wakubwa wa jeshi la maji wakakubali. Wakapewa boti mbili za mbao, kila moja na urefu wa karibu mita 12, zenye motere ya esansi. Kamanda aliyewekwa juu yake, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kingereza. Wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa vile watoto wanavyosema kwa Kifaransa. Inawezekana hakufikiri kwamba katika inchi anayokwenda, boti iliyoandikwa «Mimi» inakuwa kama inajitambulisha yenyewe.

Boti zilitoka Uingereza mwezi wa 6 mwaka 1915. Zikashuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwanzo wa mwezi wa 8 zikafika Fungurume. Hapo reli iliisha.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia ilikuwa safari ya kilometa zaidi ya 200 bila reli, na katikati kuna milima ya Mitumba, pengine inapita mita 1,800. Barabara haikuwepo. Iliwekwa na watu waliokusanywa kwenye vijiji: walikata miti, walipasua mawe, walijenga madaraja zaidi ya 100 ya magogo. Boti ziliwekwa juu ya magurudumu, zikafungwa nyuma ya trakta mbili za mvuke zilizoletwa kwa kazi hiyo. Pale trakta iliposhindwa, makumi ya ngombe wakafungwa mbele. Pale ngombe waliposhindwa, kamba zilizungushwa kwenye miti mikubwa, na watu wakavuta. Kwenye kuteremka kazi ilikuwa ngumu kupita kupanda, maana boti nzito juu ya magurudumu haina freni ya kuaminiwa. Inabidi ishikwe kwa nyuma ili isikimbie na kuponda wanaoitangulia.

Kitu kimoja kinasahauliwa katika hesabu ya safari ile: maji. Trakta ya mvuke inakunywa maji mengi, na ilikuwa wakati wa jua, vijito vimekauka. Wanawake wa vijiji vya pembeni walitwikwa maji kwa kichwa kutoka mbali, kilometa nyingi, ili mashini ziendelee kutembea. Vitabu vya safari hiyo vimehifadhi majina ya maofisa karibu wote. Majina ya wale mama hayakuandikwa.

Na kulikuwa tatizo lingine, ambalo kila fundi wa mashua ya mbao kule Baraka ao Moba analijua: boti ya mbao haipendi jua. Mbao iliyozoea maji ikikauka inapungua, nafasi kati ya mbao na mbao zinafunguka, na siku unayoirudisha majini inakunywa sawa kitunga. Ni kwa sababu hiyo mashua inayongoja fundi inafunikwa na bashi ao majani, inamwagiwa maji, na haiachwi wazi juu ya mchanga wakati wa kiangazi kwa mwezi mzima.

Mwisho wa mwezi wa 9 boti zilifika Sankisia, zikapanda reli fupi mpaka Bukama, zikawekwa kwenye Lualaba. Mto ulikuwa mdogo. Walifunga mapipa matupu ili boti zielee juu zaidi, na hata vile zilikwama kwenye mchanga mara nyingi. Mwezi wa 10 zikafika Kabalo, zikapanda treni tena, na karibu na Noeli zikaingia ziwani hapo Kalemie. Tarehe 26/12/1915 zilishika Kingani, bato ya Wajerumani. Tarehe 9/2/1916 wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Miezi sita ya mateso, siku chache za vita. Leo hakuna hata moja kati ya hizo boti kwenye ziwa. Zilitengenezwa kwa kazi moja, kazi ikaisha.

Grese iliyookoa meli

Lakini ile kubwa iko. Na namna ilivyobaki inastahili kuelezwa polepole.

Katikati ya mwaka 1916 Wabeleji walikuwa wanakaribia Kigoma, na ndege zao zilikuwa zimeanza kuruka kutoka upande wa Kongo kutupa mabomu kwenye bandari. Wajerumani waliamua kuondoka. Jeshi linapokimbia, kawaida linapasua vyombo vyake kwa baruti ili adui asivitumie. Kazi ya kuizamisha Goetzen ilipewa wale wale waliokuwa wameiunga. Hawakuipasua. Walipaka motere na mashini zote grese nyingi sana, wakajaza meli mchanga, wakaiteremsha chini polepole karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mwisho wa mwezi wa 7 mwaka 1916. Ni kama mtu anayezika kitu akijua atarudi kukichimbua.

Waliokuja kuichimbua ni wengine. Wabeleji waliifikia kwanza wakaiinua, lakini ikazama tena katika zoruba. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa kabisa. Walipofungua mashini, wakakuta matanki ya kuchemshia maji na motere vingali vinaweza kutumika. Waliitengeneza, na tarehe 16/5/1927 ikarudi kazini na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alisikia watu wa kusini wakiita ziwa lenyewe.

Kwa nini chuma kilivumilia miaka 8 chini ya maji? Sababu mbili zinaeleweka. Ya kwanza, Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari; chumvi ndiyo inayoharakisha kutu. Ya pili, kutu inahitaji maji pamoja na hewa. Chuma kilichofunikwa na grese hakiguswi na vyote viwili. Kwa hiyo sehemu inayoliwa haraka kwenye meli si ile ya chini kabisa, ni ule mstari wa katikati ambapo maji yanapanda na kushuka, na zile kona za ndani ambapo maji ya mvua yanalala bila mtu kuyafuta. Mwenye boti ya chuma anayepaka rangi nzuri kwa inje na kuacha maji machafu yalale ndani amependezesha upande usiokuwa na ugonjwa.

Baada ya hapo Liemba ilibadilishwa mara kadhaa. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikawekwa motere ya mazuti. Miaka ya 1990 ikatengenezwa tena. Vyumba, vitanda, pampu, taa: vingi si vya zamani. Mwili wa chuma wenye misumari ya kupigwa moto ndio unaoifanya iwe ileile.

Na familia nyingi za Kivu ya Kusini ziliifahamu bila kujua historia yake. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliitumia kurudisha Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Katika miezi 5 ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ilibeba tena wakimbizi, safari hii Warundi waliokuwa wamejaa Kagunga, kwenye mpaka, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Meli iliyotengenezwa ili kulinda koloni ilikuja kuwa njia ya watu kurudi kwao. Isingekuwa ile grese ya mwaka 1916, mtu angepita wapi?

Wale wanaovuta boti kwa furaha

Namna ile ya Mimi na Toutou, boti nzima juu ya magurudumu, haikufa. Inaendelea mbali na hapa, na bila bunduki. Uingereza kuna mifereji mingi iliyochimbwa tangu miaka ya 1700, wakati makaa ya mawe yalikuwa yanabebwa na mashua zinazovutwa na farasi. Treni na lori zilipochukua kazi, mifereji ikabaki karibu bure. Leo shirika moja peke yake linatunza karibu kilometa 3,200 katika Uingereza na Wales, na watu wanaitumia kwa likizo.

Katika miaka ya 1970 kulikuwa na watengenezaji huko waliopata wazo la kuchanganya boti na karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Moja iliitwa Caraboat. Kwenye barabara ni karavani: vitanda, meza, jiko dogo. Ukifika kwenye mfereji, unaisukuma majini, unafunga motere ndogo kwa nyuma, na nyumba inaanza kuelea. Vipimo vyake vinaeleweka ukijua mifereji ile: milango mingi ya kupandisha na kushusha maji ina upana wa karibu mita 2.1 tu, na sheria ya barabara inaruhusu kuvuta kitu cha upana wa mita 2.55. Kinachopita mlangoni kinapita barabarani pia.

Leo boti hizo ni za zamani, na kuna watu wanaozitafuta ili kuzifufua. Bei ya kununua inaweza kuwa ndogo, kwa kuwa nyingi zimekaa miaka nyuma ya nyumba ya mtu, chini ya mti. Kiisha hesabu inaanza. Mwili wake ni plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nayo haiozi. Lakini ndani yake kuna tripleksi: kwenye sakafu, na hasa kwenye ubao wa nyuma unaoshika motere. Mvua inapita kwenye mpira wa dirisha uliochakaa, inafika kwenye tripleksi, inabaki humo. Kwa inje hakuna kinachoonekana. Siku moja mwenye boti anafunga motere, anaiwasha kwa nguvu, na ubao unaanza kucheza sawa jino.

Mafundi wanapima kwa kugonga na kishiko cha nyundo. Sehemu nzima inalia kavu na wazi. Sehemu iliyooza inalia chini chini, kama kugonga muhogo uliooza. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Inabidi kupasua, kutoa mbao yote yenye maji mpaka kufikia iliyo kavu, kungoja siku nyingi ili yote ikauke, kiisha kuweka mbao mpya na kuifunga. Wanaoharakisha wanafungia maji ndani, na baada ya mwaka mmoja wanarudi palepale.

Magurudumu nayo yana ugonjwa wake. Remorke inapotembea barabarani, rulema zinapata moto. Ukifika na kuizamisha mara moja kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia nafasi ndogo. Maji yanachafua grese, rulema inakula kutu, na gurudumu linatoka barabarani safari inayofuata. Kwa hiyo wenye uzoefu wanangoja rulema zipoe kwanza, na wanabadilisha grese kila mara. Kitu kingine: boti ikikaa miaka juu ya remorke bila kushikiliwa vizuri chini, uzito wake unakalia sehemu mbili tatu tu, na mwili unapinda.

Serikali ya kule haimwachi mtu afanye vile anavyotaka kwa sababu eti ni mchezo. Boti ya kuingia mifereji inahitaji asuransi, permi ya kulipwa, na cheti cha usalama ambacho kinapimwa upya kila baada ya miaka 4: gazi, esansi, umeme, moto. Hata ikiwa ina vitanda viwili tu.

Kinachotugusa huku

Huku ziwani hakuna anayevuta nyumba ya likizo. Boti ni mkate, ni barabara ya mtu ambaye barabara yake imefungwa. Hata hivyo ugonjwa wa boti ni uleule, na huku anayelipa ni abiria.

Boti nyingi za mbao zinazofanya kazi kati ya Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, na zile za Kivu, zinanunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Mnunuzi anatazama motere kwanza: nguvu ngapi, marki gani, inakula mazuti kiasi gani. Hilo si kosa, motere ndiyo bei kubwa. Lakini motere mpya kwenye mwili wa zamani ni hatari kupita motere mbovu, kwa sababu motere mbovu inakataa kuondoka bandarini, na motere nzuri inapeleka mbao mbovu mpaka katikati ya ziwa. Mtu anayenunua apande na nyundo na kisu, si na pochi peke yake. Kisu kikiingia kwenye mbao ya chini bila nguvu, mazungumzo ya bei yanabadilika. Atazame pale mbao zinapokutana na mgongo wa boti, chini ya sakafu, mahali ambapo mwenye kuuza hakupaka rangi. Na aulize boti ilitolewa majini lini mara ya mwisho, na nani aliitengeneza. Fundi wa boti anajulikana bandarini; akitajwa, anaweza kuulizwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo wenye boti wachache wanaiweka mbele ya macho. Mbao inayokunywa maji inaongezeka uzito. Boti iliyobeba tani fulani ilipokuwa mpya haibebi tani hizo baada ya miaka 15, hata kama urefu wake haukubadilika. Mstari wa mzigo uliochorwa ubavuni siku ya kwanza unakuwa uongo polepole, na mwenye kupakia anaendelea kuuamini, kama upo.

Tarehe 3/10/2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka bandarini. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, katika wakati ambapo vita ilikuwa imefunga barabara na watu wote walikimbilia ziwani. Wingi wa watu na mizigo ndio uliotajwa, na ni sawa utajwe. Baada ya ajali nyingine ya Kivu, ile ya mwezi wa 4 mwaka 2019, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuokoa. Jile ni ya lazima na inaokoa. Ila jile inakusaidia wakati boti imekwisha kukuacha. Haipimi mbao wala haihesabu magunia.

Kupima ni kazi ya komisaria ya ziwa, na kutengeneza ni kazi ya mwenye boti. Katikati ya hao wawili kuna feza. Kutoa boti majini ni kupoteza safari. Wiki tatu za ateliye ni wiki tatu bila mapato, na mwenye boti mara nyingi ana deni la motere. Wengine wamepata njia ya kujisaidia: kila safari wanaweka kando kitu kidogo kwa ajili ya fundi, kabla ya kugawana, sawa vile watu wa likelemba wanavyoweka. Hakuna sheria inayowalazimisha. Wanajua tu kwamba boti haina mwezi wa kungoja mshahara.

Upande wa Kigoma, Liemba yenyewe ilisimama tena kwa miaka kadhaa, imechoka, na katika miaka hii ya 2020 Tanzania imeanza kazi mpya ya kuifufua: ni mabilioni ya shilingi kwa meli yenye miaka zaidi ya 100. Kuna wanaosema ingekuwa rahisi kuitupa na kununua nyingine. Lakini nyingine nayo itaingia ziwani kwa njia ileile, kwa vipande juu ya reli ao juu ya lori, na baada ya miaka michache itaomba grese ileile.

Abiria wa kesho asubuhi hawezi kungoja hesabu hizo. Kitu anachoweza kutazama, bila kuomba ruhusa ya mtu, ni kijana anayetoa maji ndani ya boti kabla ya kupakia. Ndoo mbili tatu baada ya usiku wa mvua ni kawaida. Akiendelea kutoa bila kuacha, boti ikiwa bado tupu na imefungwa kwenye kamba, yale si maji ya mvua.